Siku moja Chicago: simba wa Tsavo, simba wa shaba au simba hai?

Wageni wangu wakishuka uwanja wa ndege wa O'Hare huwa na maswali mawili. La kwanza, kama baridi hii ni ya kila siku. La pili, "Tutatembea wapi?" La kwanza nalijibu kwa kuwavika koti. La pili ndilo linalonitoa jasho, kwa sababu mgeni wa wiki mbili ana mahafali ya mtoto wa dada, ana harusi, ana binamu wa kwenda kumsalimia Indianapolis, na mwisho wa yote kinachobaki kwa ajili ya mji wenyewe ni siku moja, mbili akibahatika. Mwaka mmoja shemeji yangu alikuja na orodha ya vivutio saba, vyote vya Jumamosi moja. Tulimaliza kimoja na nusu. Hiyo nusu aliimalizia kwenye benchi, viatu mkononi.

Tangu siku hiyo nauliza kwanza mgeni ni nani, ndipo niulize anataka kuona nini. Mji huu una simba wa aina tatu na kila aina ina watu wake: simba wa Tsavo waliokaushwa ndani ya Field Museum, simba wa shaba wanaolinda ngazi za Art Institute, makumbusho ya sanaa, na simba hai wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park. Nimeongeza Griffin (makumbusho ya sayansi), Shedd (ya samaki) na DuSable (ya historia ya Wamarekani weusi), kwa kuwa huko ndiko wageni wengine wanakonyooshea kidole. Minara nitaigusa mwishoni.

## Nilivyopima

Kila mahali nimepatazama kwa mambo manne.

Kilichomo. Sihesabu wingi. Field peke yake ina vielelezo takribani milioni 40, na sehemu kubwa iko stoo usikoingia. Ninachouliza ni kama kuna kitu ambacho mgeni akirudi Tabora au Goma atakisimulia bila kufungua picha za simu.

Muda na miguu. Haya ni majengo makubwa ya sakafu ngumu. Mwenye goti linalolalamika huchoka kabla ya saa mbili kupita. Hesabu pia njia: kuna mlango ulio dakika tano kutoka stesheni na kuna ulio dakika 20, na dakika 20 za Januari kando ya Ziwa Michigan si ndugu wa dakika 20 za Juni. Makumbusho makubwa yana viti vya magurudumu vya kuazima. Uliza mapokezi, usione haya.

Mfuko. Kwa mtu mzima asiye mkazi, yale makubwa manne (Field, Art Institute, Griffin na Shedd) hutoza kati ya dola 25 na 45 hivi, na bei hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo itazame kabla ya kutoka nyumbani. Wanaoishi Illinois wana siku zao za bure na punguzo. Kinachotakiwa ni kitambulisho chenye anwani ya jimbo. Mimi nilikaa karibu miaka miwili nikilipa kiingilio kamili cha Field kila Jumamosi niliyopeleka wageni, kumbe Jumatano ningeingia bure. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliofikia upande wa kaskazini wa mji wajue pia kwamba kadi ya Link, ile ya msaada wa chakula, hushusha kiingilio sana katika makumbusho mengi, na mengine hukifuta kabisa. Familia za Chicago zenye watoto zinaweza pia kuuliza maktaba ya mtaa kuhusu pasi ya makumbusho ya kuazima, kama vile unavyoazima kitabu.

Kuna na tiketi ya pamoja iitwayo CityPASS: Shedd na mnara wa Willis ni lazima, kisha unachagua vivutio vingine vitatu, na una siku tisa za kuvimaliza. Kwa mwenye siku nne au tano ni nafuu ya kweli. Kwa mwenye siku moja ni kununua gunia la mchele upike kikombe kimoja.

Inamfaa nani. Hapa nasema wazi, pamoja na nani asijisumbue.

## Field Museum

Kilichomo. Ukumbi mkuu unakupokea na Máximo, dinosaria wa mita 37, shingo yake ikikaribia kuchungulia ghorofa ya juu. Huyo ni nakala, nao hawafichi. Wa mifupa halisi ni Sue, T. rex aliyepatikana South Dakota mwaka 1990 na kununuliwa kwenye mnada mwaka 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8. Amehamishiwa ghorofani, chumba chake mwenyewe. Upande mwingine kuna kaburi la Misri la zaidi ya miaka 4,000 ambalo unaliingia na kuzunguka ndani yake. Na palepale ukumbini wamesimama tembo wawili wanaopigana, waliotoka Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita na kutengenezwa na Carl Akeley, yule aliyebadilisha kabisa kazi ya kuwakausha wanyama. Mkunjo wa ngozi nyuma ya sikio la tembo ni wa kuutazama peke yake.

Lakini Mswahili haji Field kwa ajili ya Sue. Anakuja kwa ajili ya wale simba wawili wa Tsavo.

Shangazi yangu ni mtu wa Voi. Tulipofika kwenye kioo chao, katika ukumbi wa wanyama wa Afrika, alisimama kimya kwa muda, mkoba ameukumbatia, kisha akasema, "Hawa ndio waliomaliza watu wa reli? Mbona wadogo hivi?" Swali lake ndilo sahihi. Simba hawa wawili, madume wasio na manyoya ya shingoni, waliwavamia wajenzi wa reli ya Mombasa kwenda Uganda pale mto Tsavo kwa miezi kadhaa ya mwaka 1898, hadi mhandisi wa daraja, John Henry Patterson, alipowaua Desemba ya mwaka huohuo. Kisha akawafanya mazulia. Kwa takribani miaka 25 ngozi zao zilikanyagwa nyumbani kwake, ndipo mwaka 1924 akaiuzia Field kwa dola 5,000. Fundi aliyepewa kazi ya kuwasimamisha alikuwa na ngozi zilizopunguzwa na kuchakaa, na ngozi ikipungua, simba naye hupungua. Walipokuwa hai walikuwa wakubwa kuliko hivi.

Hadithi haijaisha hapo. Patterson alidai waliwala watu 135. Watafiti waliopima kemia ya mifupa na manyoya yao, mwaka 2009, walikadiria kama 35. Mmoja alikuwa na jino la chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake, jambo linalowafanya wengine waamini kwamba maumivu ndiyo yaliyomsukuma kwenye nyama laini. Mwaka 2024 wengine wakachomoa vinyweleo vilivyokwama kwenye meno yale yaliyovunjika na kusoma vinasaba vyake: twiga, pundamilia, nyumbu, choroa, kuro na binadamu. Mlo wa miaka zaidi ya 120 iliyopita, umebaki menoni kama nyuzi za embe.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na nani aliwapa ruhusa kuwachukua?" Sikuwa na jibu la kumpa. Wapo Wakenya wanaosema simba hawa warudi kwao, na ukisimama pale, huku ukikumbuka kwamba treni ya SGR hupita jirani na mto uleule kila siku, hoja yao haiwi ngumu kuielewa.

Muda na miguu. Saa tatu ukichagua, siku nzima usipochagua. Kutoka stesheni ya Roosevelt ni mwendo wa dakika 15 hadi 20, upepo wa ziwa ukikupiga usoni. Basi namba 146 linakushusha karibu zaidi. Jengo ni la mwaka 1921 na lina ngazi nyingi, ila lifti zipo.

Mfuko. Jumatano ni bure kwa wakazi wa Illinois. Maonyesho ya muda na filamu hulipiwa zaidi. Mara ya kwanza huyahitaji.

Inamfaa nani. Anayetoka Afrika Mashariki na ana siku moja tu ya makumbusho, familia yenye watoto wa umri mchanganyiko, na baba anayesema hapendi makumbusho. Haimfai sana mtu anayeingiwa na hofu au huzuni mbele ya wanyama waliokaushwa. Wapo vyumba kwa vyumba.

## Art Institute

Kilichomo. Simba wa nje walichongwa na Edward Kemeys na wamesimama Michigan Avenue tangu 1894. Krismasi huvishwa mashada shingoni, na timu za mji zikifanya maajabu huvishwa kofia za mchezo. Watu wengi hupiga nao picha na kuondoka, na hilo nalo halina kosa, maana ni bure.

Ndani kuna mchoro wa Georges Seurat wa watu waliopumzika kando ya mto siku ya Jumapili, aliouchora kati ya 1884 na 1886. Una upana wa mita tatu. Ufanye hivi: sogea karibu kabisa, mpaka mlinzi aanze kukuangalia. Huoni watu, unaona vitone vya rangi, chungwa kando ya buluu, kijani kando ya waridi, kama khanga iliyomwagiwa ufuta. Rudi nyuma hatua kumi. Mwanamke mwenye mwavuli anajitokeza, na miguuni pake kuna nyani mdogo aliyefungwa kamba, ambaye wengi hupita bila kumwona. Nimewapeleka watu wasiojali picha hata kidogo, na wote walienda mbele na nyuma mara tatu.

Kuna pia mchoro wa Grant Wood wa mwaka 1930, wa mkulima aliyeshika uma wa nyasi na mwanamke kando yake. Mkulima ni daktari wa meno wa mchoraji na mwanamke ni dada yake mchoraji, kwa hiyo acheni kusema ni mke na mume. Kuna mgahawa wa usiku wa Edward Hopper, 1942, wenye watu wanne na mlango wa barabarani usioonekana popote. Kuna chumba cha kulala cha Van Gogh, na madirisha ya buluu ya Marc Chagall. Sanaa za Afrika zina ukumbi wao, na Mkongomani atakutana na kazi za kwao.

Penzi langu lakini liko chini kabisa, kwenye vyumba 68 vidogo vya Bi Thorne, vilivyotengenezwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Kiti kinaenea kiganjani, na kinara cha mishumaa ni saizi ya kidole cha mtoto. Mtoto wa miaka sita hunyanyuka kwenye kidato cha mbao, pua kwenye kioo, na hutamtoa.

Muda na miguu. Stesheni ya Adams/Wabash iko mtaa mmoja tu. Jengo lenyewe lilizinduliwa 1893 na limekuwa likiongezwa hadi likavuka reli kwa juu, kwa hiyo kupotea humo ni jambo la kawaida. Chukua ramani, chagua vitu sita, vifuate. Saa mbili na nusu zinatosha. Jumanne hufungwa, Alhamisi hukaa wazi hadi saa 2 usiku, na jioni hiyo ndiyo nzuri kuliko zote.

Mfuko. Ghali kwa mtu mzima, lakini watoto chini ya miaka 14 huingia bure. Wazazi wawili na watoto watatu hulipa tiketi mbili, na hapo hesabu inageuka kabisa ukilinganisha na Shedd.

Inamfaa nani. Mwenye subira, wanandoa, mtu aliye peke yake, mwanafunzi. Na neno moja la pembeni: sanamu na picha za watu wasio na nguo zipo, hasa kumbi za Ulaya. Ukiongozana na mama mkwe, panga njia yako mapema.

## Griffin

Kilichomo. Jina lake refu ni Griffin Museum of Science and Industry. Wenyeji wa siku nyingi bado wanaliita MSI, kwani jina la Griffin limebandikwa juzi tu, 2024, baada ya bilionea wa jina hilo kutoa dola milioni 125. Yeye mwenyewe alishahamishia kampuni yake Miami. Jengo ni mabaki ya maonyesho ya dunia ya 1893, na makumbusho yalifunguliwa ndani yake mwaka 1933.

Nyota yake ni nyambizi ya Kijerumani U-505, ndefu karibu mita 77. Wanamaji wa Marekani waliikamata nje ya pwani ya Afrika Magharibi tarehe 4 Juni 1944, wakaivuta na kuifanya siri, maana ndani mlikuwa na mashine na vitabu vya mafumbo ya mawasiliano. Tangu 1954 iko Chicago, na sasa imelazwa chini ya ardhi kwenye ukumbi wake wenyewe. Ukiingia ndani unagundua kwamba mabaharia walilala kwa zamu juu ya makombora. Kuna mgodi wa makaa ya mawe unaoshukiwa kwa lifti, kuna chombo cha Apollo 8 kilichozunguka mwezi mwaka 1968, kikiwa na alama za kuungua ubavuni. Na kuna sanduku la kioo ambamo vifaranga huanguliwa mbele ya macho yako. Watoto wa Kimarekani hulizunguka kama muujiza. Mama yangu mdogo, aliyefuga kuku maisha yake yote, alitazama kidogo akasema, "Huyu wa pembeni hatatoka bila kusaidiwa," akaendelea na safari.

Muda na miguu. Nusu siku kwa uchache, na iko mbali, Hyde Park, upande wa kusini. Treni ya Metra Electric hadi stesheni ya mtaa wa 57 ndiyo njia nyepesi. Basi namba 6 nalo linafika.

Mfuko. Kiingilio si kikubwa kuliko wengine, ila kuingia ndani ya nyambizi na kushuka mgodini hulipiwa tofauti na nafasi hujaa mapema. Kuitazama nyambizi kwa nje kumo kwenye tiketi ya kawaida.

Inamfaa nani. Watoto wa miaka 6 hadi 15, mafundi, madereva, wahandisi, na kila mtu ambaye huelewa kitu kwa kukigusa. Asiyependa kelele za wanafunzi asiende asubuhi ya siku ya shule.

## Shedd

Kilichomo. Samaki na viumbe wa maji, katika jengo la 1930 lililo hatua chache kutoka Field. Nyangumi weupe, pengwini, papa, na ukumbi wa mto Amazon wenye joto la kukufanya uvue koti. Binamu yangu wa Lamu alizunguka akiwagawa samaki kwa mapishi: huyu wa kupaka, huyu wa kukaanga, huyu mwachie paka.

Muda na miguu. Saa mbili hadi tatu. Foleni ya nje wakati wa kiangazi ni ndefu. Nunua tiketi ya saa maalumu.

Mfuko. Mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote hapa, watoto nao wakilipa. Kuna jioni za bure za wakazi wa Illinois.

Inamfaa nani. Watoto wadogo wasioweza kusoma vibao, na mtu wa bara ambaye hajawahi kuona miamba ya baharini. Mtu wa pwani atafurahi, ila sina hakika atafurahi kwa thamani ya dola 40. Na kama roho yako haitulii ukiona nyangumi kwenye bwawa, hapa hapatakutuliza.

## DuSable

Kilichomo. Historia ya Wamarekani weusi, na hasa ya Chicago yenyewe. Makumbusho haya yalianzishwa 1961 na Margaret Burroughs, mwalimu na msanii, pamoja na mumewe Charles, sebuleni kwao. Yalihamia Washington Park mwaka 1973. Yamepewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayetambuliwa kuwa mkazi wa kwanza wa kudumu wa mahali hapa ambaye hakuwa wa makabila ya asili. Humo utamkuta Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa mji, aliyechaguliwa 1983, na habari za watu zaidi ya nusu milioni waliohama kutoka majimbo ya kusini kuja Chicago kutafuta kazi na pumzi.

Hapana Sue wala nyambizi. Lakini jirani yangu kutoka Bukavu, aliyeishi hapa miaka sita akishangaa kwa nini mitaa ya kusini iko ilivyo, aliniambia alitoka DuSable akiwa ameelewa njia ya basi lake la kila siku.

Muda na miguu. Saa moja na nusu, jengo dogo, viti vipo. Basi namba 4 la Cottage Grove hupita jirani. Griffin iko kama kilomita tatu tu, kwa hiyo yanaunganika siku moja.

Mfuko. Chini sana kuliko yale manne.

Inamfaa nani. Aliyehamia, kuliko mpita njia. Vijana wetu waliozaliwa hapa pia, ambao shuleni wanaulizwa wao ni weusi wa aina gani. Na kwa kuwa kila mgeni huuliza: kituo cha Rais Obama, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Siaya, kimejengwa Jackson Park, upande huohuo wa kusini. Tazama ratiba yake kabla ya kupanga safari.

## Lincoln Park Zoo

Kilichomo. Bustani ya wanyama iliyoanza 1868 kwa zawadi ya batamaji kutoka New York. Usije kwa ajili ya tembo na twiga wa Serengeti; ukitoka Arusha utacheka. Njoo kwa ajili ya majina. Makao mapya ya simba yalipofunguliwa 2021, dume aliitwa Jabari, na mwanawe aliyezaliwa Machi 2022 wakamwita Pilipili, kwa sababu familia iliyofadhili jengo inaitwa Pepper. Wanyama huhamishwa kati ya bustani za nchi, kwa hiyo siwezi kukuahidi utamkuta nani. Siku tuliyokwenda, Wamarekani walikuwa wamejazana kwenye kioo wakitamka "Piliipili", na mpwa wangu wa miaka minne akawasahihisha mmoja mmoja.

Muda na miguu. Kadiri upendavyo, ndiyo raha yake. Mabasi ya 151 na 22 yanafika. Baridi kali wanyama wengi hujificha, ingawa simba wana mawe yanayopashwa joto.

Mfuko. Bure, kila siku ya mwaka. Maegesho ya gari ndiyo yanayouma.

Inamfaa nani. Familia yenye watoto wadogo na pesa kidogo, na mgeni aliyechoka kuta. Kuna uhusiano mdogo na Field pia: gorila Bushman, aliyekuwa kipenzi cha mji hapa Lincoln Park hadi alipokufa 1951, sasa amekaa ndani ya kioo kule.

## Minara, kwa ufupi

Willis una ghorofa 110. Unapandishwa hadi ya 103, mita 412 juu, na kusimama kwenye kibanda cha kioo kinachoning'inia nje ya jengo. Ule uliokuwa ukiitwa Hancock unapandishwa hadi ya 94 na uko karibu na ziwa, hivyo mandhari ya ufukwe ni bora. Mhandisi wa yote miwili ni mmoja, Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka. Ukiwa barabarani na huoni kilele cha mnara, usinunue tiketi: huko juu utaona ukungu, na pesa hairudi.

## Kwa hali yako

Una siku moja, unatoka Kenya au Tanzania, hujawahi kufika: Field, na mapema, kabla makundi ya shule hayajajaa kwenye kioo cha Tsavo. Una siku hiyohiyo lakini ulishakua na wanyama mpaka wakakuchosha: Art Institute, kisha vuka daraja la miguu uingie Millennium Park ukajione kwenye lile harage la chuma, ambalo halina kiingilio.

Una watoto watatu chini ya miaka 14 na bajeti ya tiketi mbili: Art Institute na vyumba vya Bi Thorne, au Lincoln Park bila tiketi yoyote. Ukiwa na mtoto mmoja wa miaka kumi anayefungua redio kuona kilichomo, Griffin, na umwekee nafasi ya nyambizi wiki moja kabla.

Una mzee mwenye goti: Art Institute kwa kiti cha magurudumu, saa mbili tu, au DuSable. Field ya Jumamosi na Shedd ya Julai zitamtesa.

Umehamia na una kitambulisho cha Illinois: usikimbilie popote Jumamosi. Jumatano Field, jioni ya bure Shedd, DuSable mwezi unaofuata. Una muda.

Una saa saba kati ya ndege mbili na visa ya kuingia: Blue Line kutoka O'Hare hadi katikati ya mji ni kama dakika 45. Shuka Monroe, tembea hadi kwa simba wa shaba, nenda moja kwa moja kwa Seurat, na saa tatu kabla ya ndege uwe umesharudi kwenye treni.

Na ikiwa ni Lincoln Park mmekwenda na mmetoka na njaa, basi namba 22 litawapandisha Clark hadi Devon Avenue, halafu 155 kuelekea magharibi. Sambusa na biriani ziko pande zote mbili za barabara. Shangazi alisema pilau ya huko haina bizari ya kutosha, kisha akaomba nyingine ya kufungasha.